Kidole Changu Wakati wa Maombi

Bado naona aibu kuingia kanisani kwetu Mbooni. Kompyuta ya ofisi ya kanisa inatumia mfumo wa Linux, na fundi wake ni mimi, kwa sababu ya kozi fupi niliyofanya Machakos.

Stima ilipotea ghafla. Iliporudi, inodi, yaani kumbukumbu zinazoonyesha kila faili iko wapi kwenye diski, zilikuwa zimeharibika. Kwenye kompyuta hiyo ndimo Mama Mutheu, karani wa kanisa, alikuwa amepiga chapa nyimbo zetu zote za Kikamba.

Yeye na pasta wakiwa wamesimama kando yangu, nikaanzisha programu ya kurekebisha. Kwa kila inodi mbovu iliniuliza kama iifute pamoja na faili yake, nami nilipaswa kusoma kwanza kabla ya kukubali. Ndipo pasta akasema, "Tuombe."

Maombi ya pasta hayana haraka. Nikafunga macho kwa heshima, lakini kidole kikabaki kimekandamiza Y, herufi ya kukubali, ili kazi isisimame.

Tuliposema amina, programu ilikuwa imemaliza. Hapakubaki wimbo hata mmoja.

"Ni stima, pasta," nikasema kwa huzuni. "Imekula zote."

Mama Mutheu alikuwa akiangalia mkono wangu.

"Pasta," akasema polepole, "mimi sikufunga macho."