Siku Tuliponyoa Vichwa Viwili

Mimi shule niliishia darasa la pili, na sioni aibu kusema. Lakini mjukuu wangu wa kike lazima asome. Alirudi kwangu hapa mtaani Kikuyu ana miaka kumi na mitatu, mrefu kama nguzo. Baba yake alikuwa anazunguka naye akitafuta kazi: Zambia, Msumbiji, Afrika Kusini. Kila alipoanza kuzoea darasa, wakahama. Kiswahili anakiongea, ila kukisoma anakwama.

Mwalimu mkuu alimpokea vizuri, akampangia darasa la nne. Akasema, "Jumatatu aje na sare, na nywele awe amenyoa."

Mtoto akashika rasta zake zilizofika mgongoni. Tulipofika nyumbani akaketi mlangoni.

"Bibi, siendi. Nikae na watoto wadogo, halafu na kipara juu yake? Watanicheka mpaka nife."

"Basi utakufa hujui kusoma."

"Unasema tu wewe umesuka! Nyoa na wewe, nione."

Alidhani amenishinda. Nywele zangu, niseme ukweli, zinawashinda wanakwaya wenzangu wote, na ninaringa nazo. Nikampa wembe.

"Haya, mke mwenzangu. Anza na mimi."

Alininyoa huku anacheka. Kisha nikamnyoa yeye, pale pale uani, Jumamosi asubuhi, vichwa viking'aa kwa sabuni. Furaha ikanisahaulisha kwamba kwetu, watu wa nyumba moja wakinyoa upara siku moja, wamefiwa. Jirani akachungulia juu ya ua, akaondoka mbio.

Uji haujaiva, wanawake wa mtaani wakaingia, khanga viunoni, unga kichwani, mmoja na mzigo wa kuni. Jirani yangu Mrangi, mtu wa Kondoa, ndiye aliyetangulia kulia.

"Jamani, baba wa mtoto! Amefia ugenini!"

"Afe vipi? Jana amepiga simu anaulizia mboga ya mlenda!"

"Sasa mmenyolea nini?"

"Shule!"

Mwenye kuni akautua mzigo, akauliza, "Na wewe bibi unaanza darasa la ngapi?"

Mjukuu wangu alicheka mpaka akalala chini. Unga hawakurudi nao, tukausonga ugali, tukala wote. Yule Mrangi akampapasa mtoto kichwa. "Mbona umependeza. Cha bibi yako ndicho kibuyu."

Jumatatu alikwenda. Mimi nilishinda mlangoni kama askari, nikihofia atarudi saa nne analia. Akarudi saa tisa.

"Wamekucheka?"

"Wamenicheka. Nikawasimulia msiba wetu, wakacheka zaidi. Wanataka kukiona kichwa chako."

Sasa nywele zangu zimeota, nimesuka tena. Zake zikianza kuota anachukua wembe mwenyewe, haambiwi. Jioni ananisomea kitabu chake. Juzi alikwama kwenye neno refu, nikamwambia, "Liruke, mama, twende mbele."

"Siliruki, bibi," akasema, akaweka kidole pale pale, akaanza upya.