Muuaji Hakucheka

Eliécer Riascos aliuawa mchana kweupe mbele ya duka la barafu, mkononi akiwa na mfuko wa ndizi mbichi. Alichomwa visu watu wakiona, na watu wakageuzia nyuso zao ukutani, kwa sababu katika mtaa wa Piedra Sola, katika mji wa bandari wa Buenaventura, shahidi wa leo ndiye maiti wa kesho. Dada yake, Nidia, alikuwa saluni kwake akimsuka mteja. Alifika mbio, kitana kimemnasa kichwani, akapiga magoti kwenye damu na kujaribu kuziba majeraha kwa viganja. Majeraha yalikuwa mengi kuliko viganja.

Aliyemchoma alijulikana. Ni Arley Caicedo, kijana wa mtaa uleule, ambaye Nidia alikuwa akimnyoa tangu akiwa mtoto, mama yake akimshika kichwa asitikisike. Kosa la Eliécer lilikuwa moja tu: alikataa kuwabebea Arley na genge lake mzigo wa magendo kwenye boti yake. Polisi walikuja, wakapiga picha, wakaondoka. Hakuna aliyeona kitu.

Nidia alitaka kumuua Arley, na kisu hakukiweza. Basi matanga yalipokwisha akaanza kumuua kwa kalamu.

Hakuwa mtu wa vitabu. Alijifunza hadithi kwa bibi yake Teófila, aliyejua kushusha sauti pale damu inapokaribia, hata wajukuu wakajikuta wamemsogelea bila kujijua. Alijifunza pia kwa michezo ya redioni, iliyokatika kila mara pale mhusika anapobisha hodi. Na zaidi alijifunza kwa wateja, maana mwanamke aliyeinamishwa kichwa kwenye beseni husema hata asiyomwambia padri.

Aliandika alfajiri kabla ya kufungua saluni, akiwa kwenye kiti cha wateja, kioo amekifunika taulo asijione. Aliigiza sauti zote kwa mdomo kwanza, ndipo aandike. Sentensi isiyompendeza aliikata kwa mkasi wa nywele, na asubuhi akazifagia sentensi hizo pamoja na nywele za jana.

Muuaji wa riwaya alimpa jina la Nacor. Nacor alikuwa na macho mekundu, meno ya dhahabu na kicheko cha fisi. Nidia alimuua kwa maji, halafu kwa nyoka, halafu kwa moto, na kila alipomuua hakusikia lolote moyoni.

Siku moja alimsomea jirani yake Emérita, muuza samaki. Emérita alisikiliza huku akiparua magamba.

"Shoga, huyu Nacor wako ana macho mekundu tangu ukurasa wa kwanza. Hata siku moja haumwi jino?"

"Ni shetani huyo."

"Mimi shetani simwogopi. Ninayemwogopa ni yule anayekuja hapa kununua samaki, akaniuliza magoti yangu yanaendeleaje. Huyo ndiye anayechinja watu. Na mama yake yuko wapi? Aliokotwa ufukweni kama kopo?"

"Sitaki awe na mama!" Nidia alirusha mkasi ukachoma ukuta wa mbao. "Unataka nimhurumie?"

"Nataka nimwamini, basi. Na huo mkasi utautoa mwenyewe."

Lakini mtaa una masikio. Jumamosi moja saluni ikiwa imejaa, Arley aliingia na vijana wake wawili. Wanawake walitoka mbio, mmoja rangi ya nywele ikimchuruzika shingoni. Arley akakaa kwenye kiti cha kunyolea.

"Dada Nidia, naambiwa umeniandika."

"Nimemwandika mtu anaitwa Nacor."

"Haya, nisomee huyo Nacor."

Akamsomea. Aliisoma sura ya mauaji mpaka mahali ambapo Nacor anasimama juu ya maiti na kucheka. Hapo Arley akainua mkono.

"Huo uongo."

"Ni hadithi tu, Arley."

"Mimi sikucheka." Alisema kama mtu aliyesingiziwa wizi. "Andika niliua. Lakini sikucheka."

Mmoja wa vijana wake akaguna mlangoni, kama anayezuia kicheko. Uso wa Arley ukabadilika palepale.

"Unaandikia mkono gani?"

"Wa kushoto."

"Umeninyoa maisha yangu yote kwa mkono wa kulia, dada yangu."

Alimburuta hadi kwenye mlango wa chuma, akaulaza mkono wake wa kulia kwenye fremu, akaubamiza mlango. Mifupa ililia kama kuni kavu. Akabamiza tena. Nidia alipiga yowe lililosikika mpaka sokoni, na hakuna aliyekuja. Karatasi zikatupwa kwenye beseni la kuoshea nywele, zikamwagiwa spiriti na kuwashwa moto.

Lakini katika maumivu yale, Nidia aliona kitu. Kila alipoubamiza mlango, Arley alikuwa anafumba macho.

Vidole vilipona vimepinda. Emérita alimlisha supu ya samaki kwa kijiko, huku akimlaani Arley na ukoo wake. Nidia aliapa hataandika tena, na kiapo kikamshinda. Alianza upya kwa mkono wa kushoto, herufi zikiwa kama kuku wamepita kwenye tope. Mkono mzito ulimlazimisha kulingoja kila neno, na maneno ya madoido yalichoka njiani yakabaki. Nacor alipoteza meno ya dhahabu. Akapata mama aliyemshika kichwa wakati wa kunyolewa. Siku ya mauaji hakucheka: alichoma akiwa amefumba macho, ndiyo maana majeraha yakawa mengi, kisha akaingia dukani na kuomba kipande cha barafu atafune. Nidia alipomaliza ukurasa ule aliondoa taulo kwenye kioo akajitazama. Alijichukia kwa kumfahamu.

Emérita aliusoma mezani pake, mikono imejaa damu ya samaki.

"Sasa namwogopa," akasema.

Arley hakuusoma. Wenzake walimpiga risasi za usoni gatini, mtaa mzima ukasikia. Nidia alikuwa anamfungia mteja vibanio vya nywele. Aliisubiri furaha aliyoingoja muda wote huo, isije.

Kitabu kilichapwa na wachapaji wadogo wa mjini Cali. Siku ya kukizindua, ukumbi wa shule ulijaa. Nidia aliwasomea sura ya mauaji, na walipomaliza kupiga makofi, Darly, mjane wa Eliécer, alipita katikati ya viti na kumpiga Nidia kofi lililompasua mdomo.

"Muuaji umempa mama! Umempa barafu ya kutafuna! Mume wangu umempa nini? Anaingia, anachomwa, anaanguka! Maiti tu, Nidia, ndugu yako umemfanya maiti tu!"

Watu walimkamata wamtoe nje.

"Mwacheni," alisema Nidia, damu ikimdondokea kwenye gauni jipya. "Anasema kweli."

Kweli ilikuwa hiyo. Alikuwa amempita Eliécer mbio, kama mtu anayepita nyumba inayoungua.

Kesho yake alikwenda kwa Darly. Akafungiwa mlango usoni. Alikwenda tena, akamwagiwa maji ya vyombo. Aliendelea kwenda mpaka Darly alipochoka kumfukuza, akamwachia nafasi kwenye benchi la jikoni.

"Alikuwa anakoroma," Darly alianza, bila kumtazama. "Alikuwa anaimba vibaya na hajui kama anaimba vibaya. Binti yetu alipougua alimbeba mgongoni mpaka hospitali kwenye mvua, na boti ilikuwa imeharibika." Akamgeukia Nidia. "Na aliwahi kunipiga. Nikiwa na mimba. Hilo nalo utaliandika, au Eliécer wako atakuwa malaika?"

Nidia hakuwahi kujua habari ya kipigo hicho. Aliyasikia maneno hayo yakimwingia pale alipokuwa amemficha kaka yake, na kwa mara ya kwanza tangu azikwe, alimkasirikia. Kisha akamlilia, kilio ambacho hata siku ya damu hakukipata.

"Niambie ilikuwaje siku aliyokupiga," akasema, na Darly akamsogelea kwenye benchi.