Jiwe Kwenye Isyo

Siku ya kwanza kupelekwa kwa wazazi wa mchumba wangu, kule milimani Kathiani, shangazi zangu walinionya mambo mawili: usibakishe chakula, na usibwabwaje. La kwanza ningeliweza. La pili lilikuwa sawa na kuambiwa nisipumue, maana mimi huongea hata na sufuria.

Nilikuwa nataka sana mama wa nyumba ile anipende. Tulipofika tu, nikaingia jikoni nimsaidie. Akanitoa taratibu kwa kiwiko. "Wewe ni mgeni, enda ukae." Kwao mgeni hapewi kazi. Basi nikakaa kwenye kiti chenye vitambaa vya kufuma, nikinyoosha sketi yangu ya mikunjo.

Akaleta isyo, mahindi na maharagwe yaliyochemka tangu alfajiri, sahani imejaa mlima. Sikuwa nimekula sana nikauma kitu kigumu. Jiwe. Jino langu la juu, lile linaloonekana nikicheka, likamegeka.

Sasa ningefanya nini? Kutema ni kumwambia mwanamke mbele ya mumewe na mtoto wake kwamba hajui kuchambua maharagwe. Nikameza vyote: maharagwe, jiwe na kipande cha jino. Kisha nikafunga mdomo. Baba aliponiuliza habari za kazi yangu mjini Machakos, nikasema "mm." Aliponiuliza kama wazazi wangu wako salama, nikasema "mm" tena, ya heshima zaidi.

Mama akamgeukia mwanawe. "Ama huyu hapendi chakula yetu? Watu wa town wako na maringo."

Iliniuma kuliko jino. Nikajipakulia tena, nikatafuna kwa upande mmoja nikitabasamu bila kufungua midomo, na bila shaka nilionekana mgonjwa.

Baba akasimama kuomba. Akamshukuru Mungu kwa kuwaletea msichana mtulivu, asiye na maneno mengi. Mchumba wangu alikuwa na chai mdomoni. Ni yeye niliyekuwa nimempigia domo njia nzima kutoka mjini, bila kumpa nafasi hata ya kukohoa. Chai ikamtoka puani, ikamwagikia shati jeupe. Nikacheka. Na mimi nikicheka, mdomo hufunguka wote.

Mama akatazama jino, akatazama sahani.

"Hilo jino lilikuwa hivyo ukikuja?"

"Lilikuwa zima, mama."

"Ni jiwe?"

"Ni jiwe."

"Liko wapi?"

"Nimelimeza."

Akakaa chini, uso umemshuka. "Siku hizi macho yangu hayaoni vizuri," alisema polepole. "Nimechambua asubuhi yote. Sikutaka mtu ajue."

"Na mimi sikutaka ujue," nikasema.

Alinitazama kidogo, halafu mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka hadi leso ikamtoka kichwani, na kila akijaribu kunyamaza alilitazama jino langu akaanza upya. Baba alibaki amesimama, hajui kama aseme amina. Nami, kwa vile mdomo ulikuwa umeshafunguka, maneno yote niliyoyabana yakatoka kwa pamoja. Niliongea juu ya kazi, wazazi, shangazi na maonyo yao, hata bei ya sketi. Furaha ilinipanda kichwani. Jino lenyewe sijaliziba mpaka leo.

Mama akafuta machozi, akaenda jikoni. Alirudi na ungo wa maharagwe ya kesho, akauweka mapajani mwangu, juu ya mikunjo yote ile. Kisha akavuta kigoda, akakaa kando yangu.

"Chambua vizuri," akasema. "Hapa kwetu watu wanavunjika meno."