Ukutani na Kurudi

Baba yangu hakujua kuogelea hata hatua moja, lakini ndiye aliyekuwa kocha wangu wa kwanza. Alikuwa mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi Kibaha. Nilipokuwa na miaka kumi aliniona nikikata maji kwenye bwawa la nyumba ya wageni jirani na kwetu, akaenda moja kwa moja kwa mama meneja. Wakakubaliana: baba amfundishe binti wa meneja hesabu jioni, na mimi niogelee alfajiri kabla wageni hawajaamka.

Basi baba akawa anatembea ukingoni, suruali imekunjwa, saa mkononi. Mambo ya mtindo huru aliyasoma kwenye simu usiku, asubuhi akanifundisha. "Kiwiko juu! Usinyanyue kichwa, geuza shingo tu!" Alikuwa akisema hayo huku mikono yake mwenyewe inakata hewa, mpaka mfagizi wa pale akawa anasimama na ufagio wake kumtazama.

Jumamosi tulikwenda Masaki, Kisarawe, kumsalimia bibi, mama yake baba. Siku moja nilimweleza kuwa nitashindana mita mia nne.

"Mnaogelea mnakwenda wapi?" akauliza.

"Ukutani, bibi. Halafu tunarudi."

"Halafu?"

"Tunakwenda tena."

Alicheka mpaka akaweka chini ungo wake. "Na baba yako anakuamsha alfajiri kwa ajili hiyo?"

Mashindano yangu ya kwanza makubwa yalikuwa Dar. Bwawa la kule lilikuwa refu kuliko letu, kwa hiyo mita mia nne zilikuwa urefu wa bwawa mara kumi na sita, si ishirini kama nilivyozoea. Nilianza vizuri mno, lakini njiani hesabu ikanipotea. Nikagusa ukuta, nikavua miwani, nikanyoosha mkono juu kwa furaha. Wenzangu wakageuka, wakaenda zao. Nikasikia sauti ya baba jukwaani: "Bado mbili! Mwanangu, bado mbili! Geuka!"

Nilimaliza wa pili kutoka mwisho, miwani imekaa upande. Njiani kurudi tulipita Mbezi. Hapo baba akashusha pumzi: "Mtoto wa mwalimu wa hesabu." Nikamtazama, akanitazama, tukacheka mpaka machozi.

Mwaka uliofuata tukapanga ishara. Zikibaki mbili, baba atainua kanga nyekundu ya bibi, nami nitaiona nikigeuka kuvuta pumzi. Bibi aliposikia kanga yake inakwenda mashindanoni, akasema haiendi peke yake. Akaja nayo.

Filimbi ilipolia tu, bibi akasimama, akaanza kuipunga. Kila nikivuta pumzi naona nyekundu. Mara ya tatu, nyekundu. Mara ya saba, nyekundu, na vigelegele juu. Baba alijaribu kuichukua, bibi akamsukuma kwa kiwiko. Nikaelewa kwamba hakuna wa kunisaidia. Nikaanza kuhesabu kila ukuta kwa sauti ndani ya maji, mapovu yakitoka: kumi na moja, kumi na mbili. Nilipogusa wa kumi na sita nilikuwa wa kwanza, na bibi alikuwa bado anapunga.

"Umewakimbia!" alinikumbatia nikiwa nimelowa chepechepe. "Lakini mbona mlikuwa mnarudirudi?"

Niliogelea miaka mingi baada ya hapo. Mara moja niliiwakilisha nchi ugenini, nikawa wa saba kati ya wanane, na sijawahi kuogelea kwa kasi ile tena. Bibi alifariki mwaka huohuo. Kisha bega la kulia likaanza kuuma. Nikatibiwa, nikapumzika, nikarudi, likauma tena.

Baba alikuwa ameshastaafu na kuhamia Masaki. Nilimkuta shambani anang'oa mihogo. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi njiani, lakini nilisema tu, "Baba, naacha."

Aliegemea jembe. "Nimekuona unavyovaa shati siku hizi," akasema. "Nilikuwa nasubiri useme mwenyewe." Akaja akanishika lile bega, taratibu, kama mtu anayeshika yai. Akalishikilia kitambo. Kisha akanisogezea kikapu, akaniambia niokote kwa mkono wa kushoto, tukaendelea mpaka mstari ukaisha.