Chupa ya Shahidi kwenye Maji Moto ya Nyamyumba

Nilitoka Bukoba kwa sababu moja: sikuamini. Chama chetu cha walimu wa sayansi kilikuwa na sanduku moja la vioo vya maabara la kugawa, na mwalimu mmoja wa Gisenyi, Vestine, alituambia kwa simu kwamba wanafunzi wake hujifunza mmenyuko wa kikemikali kwa mikono yao wenyewe, kwa vitu vya nyumbani. Nimeona maonyesho mengi ya namna hiyo. Mgeni anaingia, mtoto aliyekaririshwa anamimina hiki kwenye kile, wenzake wanapiga makofi, ukiuliza kwa nini, kimya. Nikapewa sanduku na maagizo: ukiridhika liache, usiporidhika rudi nalo.

Kutoka Kigali basi lilipanda na kushuka milima, sanduku mapajani mwangu, maana sikutaka kuliacha kwenye buti. Mahoko tulisimama sokoni. Dirishani nikamwona mama aliyekuwa akinunua maharage akizamisha mkono mpaka chini ya gunia, akatoa konzi moja na kuifunga kwenye ncha ya kitenge chake.

"Anaficha nini yule?" nikamwuliza dada niliyeketi naye.

"Hafichi kitu, papa. Anabeba mufano. Kesho mufuko ikifika kwake, analinganisha. Huku hatuamini mufuko."

Nikacheka. Hata mimi nilikuwa siamini mfuko, nikajiona nimefika kwetu.

Gisenyi, jioni, Mwalimu Vestine alinipokea kwa chai na sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Ni mama mchangamfu, kwao ni Goma upande wa mama yake. Aliongeza sambaza kabla sijamaliza za kwanza. Ukarimu wa namna hiyo hunitia wasiwasi, nami nilikuwa na njaa, basi nikala huku nikimshuku.

"Kesho tutaenda Nyamyumba, kwa maji moto," alisema. "Watoto wanataka kujua ile mapovu iko hewa gani."

"Wewe hujui?"

"Mi najua. Bao, watoto, hawajaona."

Akanionyesha maji ya chokaa aliyoyachuja, ya chokaa ile ile ya kupaka nyumba. Hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tukipumua, ikiingia humo maji hugeuka meupe kama maziwa. Alijaza chupa mbili za plastiki. Nikaulizia ya pili. "Shahidi," alisema, akaitia kikapuni.

Asubuhi tulishuka Nyamyumba, wengine kwa miguu, mimi kwa pikipiki na sanduku langu. Ufukweni maji yanafuka mvuke na mapovu yanapanda kati ya mawe. Wanafunzi walijaza chupa maji, wakazigeuza mdomo chini juu ya mapovu, hewa ikasukuma maji nje, wakafunga vifuniko humo humo. Kazi safi. Safi mno, nikawaza, hii imefanyiwa mazoezi.

Basi Mwalimu alipokuwa akiwaonya wasiungue, nilichukua ile chupa ya kwanza ya maji ya chokaa, nikaitia mfukoni mwa begi langu, na mahali pake nikaweka chupa ya maji ya kunywa. Kama wamekariri, wataona maziwa hata pasipo maziwa.

Msichana aitwaye Rosine, ambaye mama yake huvuka mpaka kila siku kuuza nyanya, alimimina maji yangu kwenye chupa ya hewa, akatikisa. Hakuna.

"Ngoja kidogo, itakuja," alisema mmoja.

"Mi naona kama iko nyeupe," alisema mwingine.

Moyo ukanitua kwa furaha mbaya. Nimewakamata.

"Usidanganye," Rosine alimjibu. "Iko wapi nyeupe?" Akaenda kikapuni, akamimina maji kidogo ya chupa ya shahidi kikombeni, akapuliza humo kwa mrija. Meupe. Akapuliza kwenye yale yangu. Hakuna. "Bon. Pumuzi ni moja. Donc, basi, hii maji ndiyo iko na kosa. Nani alishika chupa?"

Macho yote yakanigeukia.

"Papa, fungua begi yako tuone."

"Rosine! Ni mugeni!" Mwalimu Vestine alipiga kelele, uso umemwiva kwa aibu.

"Mugeni pia iko na mikono, Mwalimu."

Nilifungua begi. Maji ya chokaa yalikuwa pale pale nilipoyaficha. Wakayamimina kwenye chupa nyingine ya hewa ya mapovu, wakatikisa, yakawa meupe, na hapo ndipo wakapiga makofi. Niliona haya mpaka masikio yakachemka. Pia nilifurahi, sijui niseme vipi, nilifurahi kuliko nilivyostahili.

Nikamkabidhi Rosine sanduku. Hakushukuru. Alijaza maji ya ziwa neli za kioo moja moja, akaiinua kila moja kwenye mwanga kuona kama inavuja. Ya mwisho ilipoonekana haivuji ndipo akasema, "Sasa asante, papa."

Siku ya kurudi, Mwalimu Vestine alinipa kichupa cha maji ya chokaa. "Ukasimulie bantu ya kwenu," alisema, "na kama hawakuamini, ni vizuri."

Bukoba nilifika nimechoka, na mke wangu akaanza kuuliza habari za safari. Nikamwambia asubiri. Nilimpa kichupa na mrija, nikamwambia apulize yeye.