Nafasi ya Katikati kwenye Pikapu ya Baba

Pikapu ya baba imenizidi umri, na kwa muda mrefu ilikuwa na tabia moja mbaya: ikipanda kutoka Mombo na mzigo, lazima ichemke na kusimama njiani. Baba alikuwa anashuka, anaweka jiwe nyuma ya tairi, anafungua boneti, halafu anakaa pembeni kumenya chungwa kana kwamba safari ndivyo ilivyopangwa. Mimi ndiye niliyekosa raha. Nilikuwa nalitazama lile jiwe na kujiuliza kama ni kubwa vya kutosha.

Nilipomaliza chuo na kurudi nyumbani Vuga kusubiri kazi, nikiwa na shahada ya mipango, niliamua kumaliza tatizo hilo. Nilipata injini ya dizeli ya Kijapani kutoka kwenye basi dogo lililogongwa nyuma, pamoja na gia boksi yake ya gia tano. Nilimwandalia baba maelezo ya kurasa tatu. Aliyasikiliza yote, kisha akauliza, "Itapanda?"

"Itapanda, baba."

"Haya."

Fundi wetu yuko Soni, kwenye banda la mabati lililo karibu na barabara. Ni mtu wa maneno mengi na mikono mizuri. Nilimpelekea vipimo nilivyochukua mwenyewe: urefu wa injini, upana wake, nafasi kati ya feni na rejeta. Hiyo ya feni niliipima mara nne, kwa futi kamba mbili tofauti, maana ile ya kwanza nilihisi imevutika.

"Msomi," fundi aliniambia, "injini haiji kuposa hapa. Ikikaa, imekaa."

Ilikaa, baada ya siku sita za kuchomelea vyuma vya kuishikilia na kufupisha propela, chuma kinachozungusha tairi za nyuma. Kilichobaki ni gia. Pikapu ile ilikuwa na mkono wa gia kwenye usukani, ndiyo maana mbele ilikuwa na kiti kimoja kirefu cha watu watatu. Gia boksi mpya mkono wake unatokea sakafuni, na ulitokea katikati kabisa ya kile kiti. Fundi alisimama na grenda mkononi.

"Hapa katikati nakata. Mtabaki wawili mbele. Nikate?"

Niliwaza uzito, niliwaza mtetemo, niliwaza kama kutu itaingia pale penye mkato. Nikamwambia kata.

Siku ya kuijaribu tulishuka hadi Mombo tukapakia saruji. Kurudi, tulipofika mahali pale pa jiwe, baba alipunguza mwendo kwa mazoea, akatazama kipima joto, akaendelea. Akaanza kupiga mluzi, na baba si mtu wa mluzi. Nililala vizuri usiku ule.

Jumapili, baada ya ibada, bibi alikuja kuliona gari. Bibi ni mama yake mama, anaishi kilimani juu ya nyumba yetu, na mtoto wa jicho alikuwa amemziba macho yote mawili. Jumanne alitakiwa hospitali Lushoto aanze kutolewa mtoto wa jicho la kulia. Tarehe ya kwanza ilishapita, kwa sababu pikapu ilikuwa kwenye banda la fundi, haina injini. Kosa hilo lilikuwa langu, na nilikuwa nimeshajilaumu kwa namna zote ninazozijua.

Alifungua mlango, akapapasa kiti kwa kiganja, taratibu, mpaka mkono ukafika kwenye pengo ukagusa mkono wa gia.

"Hapa anakaa nani?"

"Hakai mtu, bibi. Ni gia."

Akaurudisha mkono. Baba alikuwa amesimama hatua kama sita, upande wa pili wa gari, anafuta kioo kisicho na vumbi.

"Mwambie baba yako," bibi akasema, "Jumanne nitapumzika tu nyumbani."

Akashika fimbo yake akaondoka.

Mama ndiye aliyenifafanulia, akiwa anachambua mboga, kwa sauti ya mtu anayemweleza mgeni. Baba ni mkwe wa bibi. Tangu amwoe mama hawajawahi kupeana mkono wala kukaa kiti kimoja. Wakikutana njiani, baba anapisha hadi kwenye majani. Akimpa bibi lifti, siku zote kati yao anakaa mama, au mimi.

"Umekaa hapo katikati toka unanyonya," mama akasema. "Ulidhani ni kwa sababu ya kuona mandhari?"

Kusema kweli nilidhani nabanwa kwa kuwa mimi ni mdogo.

Jioni hiyo nilimpigia fundi. Je, mkono wa gia unaweza kuhamishwa? Alicheka mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio. "Msomi, hiyo siyo kofia." Nikapendekeza bibi apande basi. Mama akauliza nani atamshusha mpaka barabarani kwa yale makorongo, na nani atampandisha siku ya kurudi jicho likiwa bichi. Bodaboda sikuthubutu hata kuitamka. Nikapendekeza tukodi dereva.

Baba aliweka kikombe chini. "Leseni yako inafanya kazi gani?"

Leseni yangu niliipata Morogoro, mjini, kwenye tambarare. Barabara ya kwetu sikuwahi kuiendesha hata mara moja. Niliijua kwa kona zake zote, na huko kuijua ndiko kulikoniponza. Usiku wa Jumatatu niliendesha kutoka Vuga mpaka Lushoto kitandani, mara tatu, na mara mbili nilitumbukia bondeni.

Asubuhi baba alipanda nyuma mwenyewe, akavaa koti, akakaa juu ya kreti tupu la nyanya. Bibi akaingia mbele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mgosi wangu. Leo umenioa kweli, unanitembeza kwa gari."

Kwa bibi mimi ni mgosi, mwanaume wa nyumbani. Mjukuu anataniwa, na goti la bibi mjukuu akiligusa si kosa. Nililigusa mara nyingi sana, maana gia ya pili iko upande huo na kwa hofu niliiingiza hata pasipohitajika.

"Mgosi, unatafuta nini hapo?"

"Gia, bibi."

"Haya, itafute. Mahari hujatoa."

Kabla ya Soni lori la chai lilitusimamisha kwenye mwinuko, sisi tukiwa tunapanda. Nilipoachia klachi gari lilizimika likarudi nyuma kidogo. Nyuma nilisikia kreti likiburuzika. Nikawasha tena. Likazimika tena. Nikashikilia breki.

"Mbona umenyamaza?" bibi akauliza.

"Nafikiria."

"Acha. Unafikiria mpaka gari linasimama."

Mara ya tatu liliondoka. Tulifika hospitali nusu saa kabla ya zamu yake.

Alipasuliwa siku hiyo hiyo, tukalala Lushoto. Kesho yake nesi alimwondolea bandeji, na bibi akanitazama usoni kwa muda. "Umekonda," alisema. Ndilo jambo la kwanza alilosema. Baba akapanda nyuma, sisi tukaingia mbele. Tulipoiacha lami ya Soni na kushika barabara ya vumbi, bibi aligeukia dirisha lake, upande wa bonde. Alitazama chini kwa muda mrefu.

"Njia ndiyo nyembamba hivi?"

"Ndiyo, bibi."

"Na jana tulipita hapa hapa?"

"Hapa hapa."

Akavuta khanga, akalifunika jicho jipya.

"Endelea, mgosi," akasema. "Nitafungua tukifika nyumbani."