Kona ya Getarama

Kabla ya safari zake, bwana mifugo wetu hapa Mugumu huchuchumaa nje ya ofisi na kuchora njia mavumbini kwa kijiti. Huchora akigomba. Hugombana na changarawe za mteremko wa Manchira, ambazo humwangusha kila mwaka, na udongo mweusi wa mbugani, unaojaa kwenye madigadi mpaka abebe baiskeli iliyopaswa kumbeba yeye. "Hapa nitapanda, hapa nitakokota!" hufoka, na vidole vyake vilivyopasuka kwa dawa ya josho husukuma vumbi kuwa vilima. Siku ya tatu ni Kemambo, ng'ambo ya Mto Mara. Lakini kila mara, kabla ya mto, mstari wake huacha barabara na kuzungukia Getarama.

Juzi katibu kata mpya, kijana asiyejua hata shikamoo, alikuja akaukanyaga mchoro ule kwa viatu vyake vinavyong'aa. "Mzee, futa hiyo kona, unapoteza muda wa serikali. Getarama ni mahame. Wakati wa operesheni ya vijiji tulihamisha watu wote, hatukubakiza hata kuku."

Kijiti kilivunjika. Bwana mifugo akainuka polepole, na sauti yake, ambayo hufokea hata mawe, ikawa ndogo.

"Wote?"

"Wote, mzee."

"Haya, mura, niambie. Mama yangu amelala pale nyuma ya zizi, kaburini. Yeye mlimpakia lori gani?"